Sura Zisizokuwamo Kitabuni

Tangu baba yake ahamie kwake, fundi mapazia alikuwa na saa moja ya siku aliyoichukia kuliko zote. Ni ile ya jioni, jua limeshakwisha nguvu na taa bado hazijawashwa. Saa hiyo mzee alijifungia chumbani, akakohoa kidogo kama mtu anayesafisha koo mbele ya umati, akaanza kusoma kwa sauti. Na laiti ingekuwa kusoma tu, jamani. Mzee alikuwa akimsomea mtu.

Chumba kile kilikuwa na vitanda viwili. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshikilia hivyo siku alipoletwa na mizigo yake. "Kimoja changu," alisema, "na kimoja cha mwenyewe." Mwenyewe ni nani, hakuna aliyethubutu kuuliza. Kitanda cha pili kilitandikwa kila asubuhi, shuka limevutwa likakaza, mto umepigwapigwa, na hakuna mtu aliyekilalia. Au tuseme hakuna aliyeonekana akikilalia, maana kuna siku fundi aliingia kufagia akakuta kibonde katikati ya godoro, akajiambia mzee alikaa hapo kufunga kamba za viatu. Akajiambia hivyo, akafagia chapuchapu, akatoka bila kugeuka nyuma.

Mzee akisoma, hufika mahali akanyamaza. Kimya kinakaa kidogo, kama mtu anayesikiliza swali. Halafu anajibu, kwa upole ambao binti yake hakumbuki kuonjeshwa tangu utotoni: "Kesho, mwanangu. Leo tumechoka." Hapo fundi akiwa jikoni, sufuria mkononi, mwili wote humsisimka. Jibu lile analijua. Na swali analijua pia, hata lisiposikika: "Ni nani, baba? Muuaji ni nani?" Aliyekuwa akiuliza hivyo ni kaka yake, na kaka yake alifariki fundi akiwa na miaka tisa.

Inabidi nirudi nyuma kidogo hapa, msinikasirikie. Mzee alikuwa karani wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kusoma mashtaka na hukumu kwa sauti, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Hakimu akiandika kosa, karani analisoma kosa lenyewe kama lilivyo. Nyumbani alikuwa yuleyule. Ukimwambia "watu wote wanasema," anakuuliza, "Wote gani? Wataje." Kutia chumvi kwenye maneno kwake ilikuwa dhambi, na hata mezani chumvi yenyewe aliipima kwa ncha ya kijiko. Tena alisoma kwa rula. Rula ya mbao, anaiweka chini ya mstari, mstari ukiisha anaishusha, ili jicho lisiruke wala lisiongeze.

Mwanawe wa kwanza alipofika miaka kumi na minne, damu yake iligoma kufanya kazi. Hospitali wakahangaika naye weee, mwisho wakasema mrudisheni nyumbani, apate chakula kizuri na moyo wa furaha. Mama yao alikuwa amefariki zamani. Basi yule baba, mtu asiyejua hata kucheza karata, akaenda kutafuta furaha kwenye meza ya muuza vitabu. Akarudi na kitabu cha vijana, cha mauaji na mazingaombwe.

Kilikuwa kisa cha mji mmoja ambako mtu akiingia nyumbani huvua kivuli chake na kukitundika mlangoni, kama unavyotundika koti. Sasa kukawa na mtu anayeingia kwenye nyumba za watu na kuua vivuli. Ukiuliwa kivuli hufi palepale. Unapauka, sauti inafifia, mpaka siku moja wenzako wanakuwekea sahani mezani halafu wanashangaa wamemwekea nani. Wakubwa wa mji hawajali. Anayejali ni msichana wa miaka kumi na mitano, anayejifunza kazi kwa mshona vivuli, na huyo ndiye anayeshika njia kumtafuta muuaji.

Kisa kizuri. Lakini ebo, kitabu kilitembea kwa magoti! Jioni nzima msichana anamfuata mshukiwa sokoni, na mshukiwa ananunua chumvi. Anabishania bei, anahama meza, anarudi meza ya kwanza, ananunua, anakwenda nyumbani, basi. Jioni nyingine wako mtoni kwa Mfua Vivuli, mama mmoja mnene anayewafulia watu vivuli vyao, anavikamua, anavianika kwenye kamba, huku akiimba vibaya kupita kiasi. Ufuaji tu huo ulichukua siku kadhaa. Karani anasoma, rula inashuka, mgonjwa anacheka kwa midomo iliyopasuka, na dada yake mdogo, waliyemwita Chiriku kwa kutofunga mdomo, ameketi ukingoni mwa kitanda upande wa mlangoni, mdomo kaufunga kwa mara moja maishani mwake.

Halafu swali: ni nani, baba? Halafu jibu: kesho.

Kaka akafa kukiwa bado ni kesho. Na makaburini, mbele ya majirani na mahakimu waliovaa suti zao, Chiriku alimkabili baba yake akapiga kelele: "Umemnyima! Ungemwambia tu! Ungesoma harakaharaka amjue!" Watu wakainamisha macho. Karani alisimama na kofia yake mkononi, hakujibu hata neno. Na kwa mtoto, kutojibu kule kulikuwa kukiri kosa.

Tangu hapo wakaishi kama wapangaji wawili wa ua mmoja. Shikamoo, marahaba. Chakula tayari, asante. Baba alimsomesha, alimvisha, hakumpiga wala kumfokea, na binti hakumsamehe. Akakua, akajifunza kushona mapazia, akaolewa, ndoa ikaenda arijojo, akafungua karakana yake mwenyewe. Kinyongo kile alihama nacho kila nyumba.

Mzee naye, baada ya kustaafu, akaanza kupotea kidogo kidogo. Ya jana anasahau, ya zamani yako palepale. Siku moja alikutwa kwenye ngazi za mahakama akiwa na kandambili, anagombana na askari kwa nini mlango umefungwa siku ya kazi, na ilikuwa Jumapili. Ndipo binti akamchukua. Alimchukua kwa wajibu, tusidanganyane. Na ulipoanza ule usomaji wa jioni, wajibu ukamshinda. Akampigia simu baba yake mdogo, mdogo wake mzee, mwenye nyumba kubwa na moyo mkubwa. Wakakubaliana: Jumamosi asubuhi baba mdogo angekuja kumchukua mzee akaishi kwake moja kwa moja.

Ijumaa hiyo, karakanani, fundi alikuwa hayupo ingawa alikuwapo.

"Hii nayo umeshona ringi kwenye pindo la chini," alisema mwenzake, mwanamke aliyeitwa Sindano kwa sababu mbili, kazi yake na ulimi wake. "Mteja atundike pazia miguu juu?"

"Nipe nifumue."

"Utafumua ngapi leo? Una nini wewe?"

"Mzee."

"Bado anasoma?"

"Bado."

"Si umwache asome! Wangu alikuwa anakunywa, mimi ningeomba asome."

"Sindano, anamsomea marehemu." Fundi aliweka mkasi mezani. "Marehemu anauliza muuaji ni nani, mzee anamwambia kesho. Kila siku kesho. Naona chumba kinanijia juu. Nikikaa nao wiki nyingine nitaokota makopo."

Sindano alisimamisha cherehani yake. Halafu akasema, "Na muuaji ni nani?"

"Sijui. Kitabu hakikuisha."

"Miaka yote hiyo hujakitafuta ukasoma mwisho?"

"Nilikuwa sitaki kukiona."

"Makubwa haya. Basi kichukue leo, soma mwisho, ingia umwambie huyo anayeuliza, mtu wa watu apumzike. Na mzee apumzike. Na mimi nipumzike na ringi zako."

Sindano alisema kwa utani, lakini neno lilimwingia mwenzake. Saa ya chakula fundi alirudi nyumbani, hatua chache tu kutoka karakanani. Mzee alikuwa nje kwenye kiti, anaota jua, macho kayafumba. Akaingia chumbani kwa mzee kwa kunyata, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akakitoa kitabu chini ya mto. Mto wa kitanda cha pili, naomba muelewe. Akatoka navyo, kitabu na moyo unaodunda.

Jambo la kwanza lililomshangaza ni wembamba wake. Alikumbuka tofali, akashika kitu kama kipande cha mkate. Karakanani akakifunua mezani katikati ya vitambaa, akaanza mwanzo, kwa sababu alitaka kupita kwanza kwa Mfua Vivuli. Alikuwa akimpenda yule mama. Hata juzi, akiwa na hasira zake jikoni, alimsikia mzee kupitia ukutani akisoma jinsi mama yule alivyokipiga kivuli cha hakimu kwenye jiwe mpaka kikaomba radhi, na fundi akajikuta anatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Akasoma. Kitabu kilikimbia. Kivuli cha kwanza kimekufa kabla hujakaa sawa, cha pili kikafuata, msichana yuko juu ya paa, msichana yuko ndani ya kisima, mbio tupu. Mto ulikuwapo, ndiyo, sentensi moja: walivuka mto. Hapakuwa na mfuaji. Sokoni walipita pia, mtu akachomwa kisu, wakatoka. Hakuna aliyenunua chumvi. Fundi akarudi nyuma, akapekua, akahesabu namba za kurasa asije akawa na kitabu kilichonyofolewa. Zilifuatana zote. Akakikung'uta kabisa kama mtu anayetafuta sindano kwenye kanzu.

"Hiki sicho," alisema.

"Sicho vipi?"

"Nusu ya hadithi haimo. Mambo yote ninayoyakumbuka hayamo."

"Labda unakumbuka kingine."

Lakini kilikuwa kilekile. Kwenye kurasa za mwanzo, chini ya kila mstari, kulikuwa na mkwaruzo mwembamba wa rula. Karatasi zilikuwa laini kwa kushikwashikwa. Ukurasa kwa ukurasa mikwaruzo iliendelea, mpaka kufika theluthi ya kitabu, na hapo kulikuwa na ukurasa mmoja uliolika. Wino umefifia, pembeni pamekuwa peusi kwa kidole gumba, mikwaruzo imekatana juu ya mikwaruzo, karatasi imebaki nyembamba kama utando wa kitunguu. Baada ya ukurasa ule, hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Kurasa zilizobaki zilikuwa ngumu, safi, mpya.

Fundi alikaa juu ya jora la kitambaa. Mtu wa nukta kwa nukta. Mtu wa "wote gani, wataje." Alifika ukurasa huo akasimama, akawa anashusha rula kila jioni kwenye mistari ileile, na kinywani anatoa vitu ambavyo havipo popote duniani. Sasa fundi alielewa kwa nini miaka yote ile hakumshuku. Baba wa mwingine ungemshuku. Karani yule? Ungeshuku saa ya ukutani kwanza.

"Alikuwa anamzuia asife," alimwambia Sindano. "Aliona hadithi isipokwisha, mtoto hataondoka."

"Maskini," alisema Sindano, safari hii bila ncha.

"Maskini nini? Si bado alimnyima! Alimnyima mpaka mwisho!" Na akageuza kurasa kwa hasira, zote zile ngumu, akasoma mbio mpaka ukurasa wa mwisho, amjue huyo muuaji wanayesumbuana naye tangu utoto. Muuaji alikuwa muuza mafuta ya taa. Ndiye huyo tu, jamani! Mzee mmoja mchekeshaji anayepita kila mlango, anayejua nani kalala na nani hajalala. Ukifikiri kidogo ungemjua tangu sura ya pili.

Na kando ya jina lake, kwenye karatasi ile safi, palikuwa na alama ya kidole. Ya zambarau.

Kaka yake alikuwa na vidonda vya mdomo siku zile, na dawa yake ilikuwa ile ya maji, ya zambarau, unapaka kwa kidole. Ilishika kila kitu: vikombe, mito, kitasa cha mlango. Siku moja alimpaka dada yake puani, akaenda nayo shuleni, akachekwa wiki nzima. Kijana alikuwa mjanja, inaonekana kurasa nyingine alizifunua kwa pindo la shuka. Alipolikuta jina, akajisahau.

Sasa ukifikiria, ingekuwaje vingine? Baba yuko mahakamani, dada yuko shule, mgonjwa kaachwa na kitabu kutwa nzima. Alijua. Alimjua muuza mafuta pengine tangu siku za mwanzo, na bado kila jioni alimtazama baba yake machoni akauliza, ni nani, baba? Alikuwa akimhurumia mzee, fundi aliwaza. Alimwacha aburute hadithi kwa sababu aliona mzee ndiye anayehitaji kuiburuta. Na mzee hajui mpaka leo. Anajiona aliyemnyima mwanawe, kama binti alivyomwambia mbele za watu, ndiyo maana hamalizi.

Alilia kilio cha kwikwi. Sindano akamsogeza taratibu. "Lilia upande huu, shoga. Huo wavu wa pazia ni mweupe, na mteja anakuja jioni."

Jioni ile hakuingia. Alirudisha kitabu mahali pake, akaandaa chakula, akasikiliza kupitia ukutani, akashindwa. Akajiambia, asubuhi, kabla hawajaondoka. Nitampa hilo aende nalo, angalau mzee aondoke kwangu na roho nyepesi.

Asubuhi baba mdogo alifika mapema, mtu wa vicheko, kajaza mlango. Akawekewa chai. "Yuko tayari huyo bwana mkubwa? Nimemwandalia chumba chenye madirisha mawili. Nimemwandalia na redio."

"Ngoja nikamtoe, baba mdogo."

Mzee alikuwa amevaa suti yake ya kazi. Begi lilikuwa kando ya mlango. Yeye mwenyewe yuko kitandani kwake, kitabu magotini, rula mkononi, anasoma, ingawa haikuwa saa yake. Labda alijua safari inakuja, akawahi.

"Ingia au toka," alisema bila kuinua macho. "Unatuletea upepo."

Hapakuwa na kiti. Fundi alitazama kitanda cha pili, akajikaza, akakaa. Shuka lilikuwa na joto. Ni jua la dirishani, alijiambia, ingawa jua lilikuwa bado halijafika upande ule.

"Baba, nimekisoma kitabu."

"Chote?"

"Chote. Mfua Vivuli hayumo."

"Hayumo," mzee alikubali mara moja, kama shahidi asiyetaka kupoteza muda wa mahakama. "Wala mnunua chumvi. Wala yule kipofu wa ngazini. Hawamo."

"Ulikuwa unatunga."

"Niliona haya sana." Alishusha rula akaitazama. "Kushusha hii kwenye mistari nisiyoisoma. Kwa mtu wa kazi yangu, kile kilikuwa kiapo cha uongo kila jioni. Nilikuwa nikifika kazini nashindwa kumtazama hakimu."

"Ulitaka kaka asiondoke."

Mzee alimtazama juu ya miwani, vile alivyokuwa akiwatazama wanaosema bila kuulizwa. "Mimi si mjinga. Daktari alikwisha kuniambia. Hadithi haiponyi mtu damu."

Hilo fundi hakulitarajia. Lakini alikuwa amekuja na zawadi yake, akaitoa. "Basi sikiliza nikwambie jambo. Kaka hakufa bila kujua. Alikisoma kitabu mpaka mwisho. Kidole chake kipo ukurasa wa mwisho, cha zambarau, pembeni ya jina. Hukumnyima kitu, baba. Alijua."

Akangoja. Mzee akafungua ukurasa wa mwisho, hakuutafuta, akauweka wazi mbele ya binti yake.

"Niliona wiki ileile aliyokiweka," alisema. "Ningekosaje kuona? Nikamkabili. Nikamwambia, bwana, wewe muuaji umeshamjua, sasa mimi na wewe tunasoma nini tena? Tumalize nikutafutie kingine."

"Akasemaje?"

Mzee aligeuza uso kuelekea mto wa kitanda cha pili, pale kando ya mkono wa binti yake, akatazama kama mtu anayeomba ruhusa kabla ya kutoa siri ya mwenzake. Alingoja. Inaonekana akaruhusiwa.

"Akasema, baba, usimalize. Chiriku haingii humu ndani ila kwa hadithi. Ananiogopa. Ikiisha hatakuja tena."

Fundi alishika ukingo wa kitanda. Maana ilikuwa kweli, kweli tupu, na alikuwa ameifukia mahali ambapo hata yeye hakupajua. Harufu ya chumba kile. Midomo ile ya zambarau, mikono iliyokonda mpaka ikawa ya mtu mzee. Mchana akitumwa kumpelekea maji, aliyaweka kizingitini akakimbia, na sauti ilimfuata, "Chiriku, njoo basi kidogo," naye akajifanya hakusikia. Jioni tu ndipo alipoingia, kwa sababu ya msichana na vivuli, akakaa upande wa mlangoni, na likisemwa "kesho" alikuwa ameshafika nje.

"Akaniambia, kiburute," mzee aliendelea. "Nikamwambia mimi ni karani, sijui kutunga hata barua ya posa. Akasema, wewe soma tu, mimi nitatunga. Basi mchana anatunga, nikirudi kazini ananieleza, jioni nakusomea. Yule mfuaji ni wake. Na chumvi ni yake, ile chumvi alicheka nayo siku mbili kabla hujaisikia." Akajikohoza. "Kuimba vibaya niliongeza mimi."

"Na akiuliza ni nani, baba..."

"Alikuwa anakuangalia wewe. Apime kama kesho utakuja."

"Mbona hukuniambia?" Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta. "Makaburini, nilipokupigia kelele vile. Miaka yote hii! Mbona ulinyamaza?"

"Ningemwambia nini mtoto wa miaka tisa?" alisema mzee. "Kwamba kaka yako alikuwa anakununua kwa hadithi kwa sababu ulimkimbia? Wewe ungekuwa mimi, ungemwambia?"

Nje baba mdogo aliita, sauti yake imejaa chai: "Jamani, jua linapanda! Tunaondoka au tunahamia?"

Mzee alikuwa ameshageuka. Nuru ya akili iliyokuwa imemjia usoni ilikuwa inafifia, na alichokisema punde alikuwa tayari anakiacha nyuma. Akarudi kwenye ukurasa uliolika, akaweka rula chini ya mstari. "Nyamaza sasa," alimwambia binti yake, kwa ukali wa zamani. "Ukilia sisomi. Mwenzako anasubiri."

Fundi alisimama. Alitoka mpaka sebuleni, uso umelowa, akachukua begi la mzee njiani akalitupa nyuma ya kochi. Baba mdogo aliweka kikombe chini.

"Kuna nini, mwanangu? Mbona hivyo?"

"Baba mdogo, nisamehe. Nimekusumbua bure. Mzee haendi."

"Haendi? Si wewe uliyenipigia simu unalia kwamba huwezi tena? Nimeacha shughuli zangu zote!"

"Ni mimi."

"Sasa kimebadilika nini tangu juzi?"

Kutoka chumbani mzee alikohoa, akaanza: mama mmoja mnene, mtoni, na kivuli cha mtoto kilichokuwa kinaogopa maji.

"Bado hatujamjua muuaji," alisema Chiriku, akarudi ndani kabla hawajafika mbali.